UZI: Sikwensa siyo kinga ya umeme. Tuongee namna ya kulinda raki ya mitambo ya sauti kuanzia mainswichi

#1 FundiRaki

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa mafundi sauti, kamati za vyombo makanisani na misikitini, wenye studio, wenye kumbi, na yeyote aliyefunga mitambo yake kwenye raki ya inchi 19. Nataka tuongee umeme, kwa sababu naona fedha nyingi za waumini na za wenye biashara ndogo zinapelekwa mahali ambapo tatizo halipo.

Amplifaya ikiungua, watu wanaenda Kariakoo kununua sikwensa, kile kifaa cha kuwasha na kuzima mitambo kwa zamu. Muuzaji anaiwasha dukani, taa zinafuatana moja baada ya nyingine, kioo kinaonyesha volti, kisha anaambiwa mteja kwamba "hii inalinda mashine zote." Inafungwa juu ya raki, watu wanalala usingizi. Baada ya muda mikisa inaungua, na sikwensa iko pale pale nzima, kioo kinawaka.

Sikwensa ni kifaa kizuri na mimi naifunga karibu kila raki. Ila kazi yake ni moja, kupanga nani awake kwanza na nani azime kwanza. Umeme ukizidi haipunguzi, ukipungua haiongezi, na nyingi za bei ya chini hazikati hata pale kioo chake chenyewe kinaposoma 300. Kukinga mitambo dhidi ya umeme mbaya ni kazi ya vifaa vingine, na inaanzia mbali na raki.

Nianze na hiyo kazi ya kupanga, maana wapo pia wanaoidharau.

Amplifaya yenye transfoma ya duara, zile nzito za kubebwa na watu wawili, ikiwashwa inavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi sana. Sumaku ya transfoma inajijenga, na kapasita kubwa zilizokuwa tupu zinajaa kwa mkupuo. Mkondo huo unaweza kuzidi mara kumi ule wa kazi ya kawaida. Weka nne za namna hiyo kwenye soketi moja, mtu abonyeze swichi ya ukutani, breka inaruka kabla ibada haijaanza. Breka ya aina B ya ampia 16 inaruka papo hapo mkondo ukifika mahali fulani kati ya mara 3 na mara 5 ya ampia zake, yaani 48 hadi 80. Aina C inavumilia zaidi, kati ya mara 5 na mara 10. Ndiyo maana saketi ya amplifaya hufungiwa breka ya aina C, na bado amplifaya zinatakiwa ziwake kwa kupishana.

Sababu ya pili ni spika. Mikisa au krosova (kile kinachogawa besi na sauti za juu) ikiwaka au ikizima inatoa mshtuko kwenye waya wa sauti. Kama amplifaya imeshaamka, inaukuza ule mshtuko na kuupeleka kwenye koni, ndiyo ile "bum!" inayowafanya wazee waruke kwenye viti. Twita na draiva za juu ndizo zinazoumia kwanza. Kwa hiyo vinaanza vyanzo vya sauti, kama risiva za maikrofoni zisizo na waya na kompyuta, inafuata mikisa, halafu prosesa na krosova, na amplifaya zinakuja mwisho. Kuzima ni kinyume, amplifaya zitangulie. Spika zenye amplifaya ndani yake nazo zihesabiwe kwenye kundi la mwisho, hata kama ziko mbali jukwaani na hazionekani kwenye raki.

Sasa kinga.

Ndani ya ekstensheni nyingi zinazoitwa za kinga, na ndani ya kondishena nyingi za raki (vifaa vya kuchuja umeme), kuna kidude cha duara, mara nyingi cha bluu, kinaitwa varista. Kwa umeme wetu wa volti 230 kinachowekwa sana ni kile cha 275. Kazi yake ni kunywa mruko mkali wa muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde, kama ule unaoletwa na radi iliyopiga mbali au mota kubwa ya jirani inapozimwa. Hapo inafaa sana. Lakini kila mruko unaichosha, na siku ya mwisho haikuambii, isipokuwa kondishena iwe na taa ya kuonyesha kwamba kinga bado hai.

Kinachounguza mitambo yetu mara nyingi si ule mruko wa kufumba na kufumbua. Ni volti 300 na zaidi zinazokaa sekunde kadhaa, wakati mwingine dakika. Varista ya 275 ikikaa kwenye volti 320 inaanza kupitisha umeme kwenye kila kilele cha wimbi, inachemka, na mwisho inapasuka au inaungua. Ukiwa na bahati fyuzi inakatika nayo. Ukikosa bahati inakatika yenyewe, na umeme unaendelea kwenda kwenye mikisa.

Volti hizo zinatoka wapi? Chanzo kikubwa ni nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyokatika au kulegea kwenye jengo la fezi tatu, yaani lenye nyaya tatu zinazoleta umeme. Naomba mnivumilie kwa hesabu, kwa sababu ukiielewa hii hutalala tena bila kukaza nati za nyutro.

Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Tuseme fezi ya kwanza imebeba amplifaya na taa za jukwaa, jumla wati 4,000. Fezi ya pili imebeba mikisa, kinanda, projekta na feni, jumla wati 1,000. Nyutro ikiwa nzima, kila upande unapata 230 yake. Nyutro ikikatika, mizigo hiyo miwili inabaki imefuatana katikati ya fezi mbili, inagawana 400. Mzigo mkubwa una ukinzani wa omu 13 hivi, mdogo una omu 53. Ukigawa, upande wa amplifaya unabaki na volti 80 na upande wa mikisa unapanda hadi 320. Mizigo halisi haifuati hesabu hii sawasawa, ila mwelekeo ni huo huo: mzigo mwepesi ndio unaopigwa. Na kwenye mitambo ya sauti, mizigo myepesi ndiyo ya bei kali.

Chanzo kingine ni umeme kurudi baada ya kukatika. Mtaa mzima una friji, pampu na kompresa ambazo hazikuzimwa, zote zinataka kuwaka kwa wakati mmoja. Volti zinazama, zinapanda, zinazama tena, hadi zitulie. Halafu kuna jenereta, na zake nyingi, nitazigusa tukiulizana.

Mimi nikipewa bajeti ndogo, senti ya kwanza inaenda kwenye waya wa ardhi wa kweli na kebo ya unene sahihi kutoka mainswichi hadi jukwaani. Ya pili inaenda kwenye kikata-volti, kile kinachofungwa ndani ya boksi la breka, unakipangia kiwango cha juu na cha chini pamoja na muda wa kusubiri umeme ukirudi. Mimi napanga kikate chini ya 190 na juu ya 255, na umeme ukirudi kisubiri dakika tatu hadi tano. Usipitishe mzigo wote wa amplifaya kwenye rilei yake ndogo (swichi ya ndani inayojiendesha kwa umeme) hata kama imeandikwa ampia 63, kwa sababu mkupuo wa kuwasha unaweza kuunganisha meno ya rilei yakagandana, na hapo hakikati tena. Kiachie kiendeshe kontakta, ambayo ni rilei kubwa ya mizigo mizito, na kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Ya tatu ni UPS ndogo, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika, ya mikisa na prosesa. Sikwensa naiweka ya nne. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, ni kwa wale ambao umeme wao ni mdogo kila siku, na ina mambo yake.

Karibuni kwa maswali na kwa kunirekebisha. Wenye uzoefu wa mikoa mingine mwageni madini.

#2 Mwanakwaya_Moro

Mkuu FundiRaki, ubarikiwe sana. Mimi ni mjumbe wa kamati ya vyombo, kanisa letu liko nje kidogo ya Morogoro mjini. Tuna sikwensa ya njia nane, mbele imeandikwa 30A. Nyuma tumechomeka amplifaya nne, krosova na mikisa. Yenyewe tumeichomeka ukutani kwa plagi ya kawaida ya pini tatu. Ibada ikifika katikati ile plagi inakuwa ya moto hadi huwezi kuishika. Fundi aliyefunga alisema ni kawaida. Ni kawaida kweli?

#3 FundiRaki

Mwanakwaya, si kawaida, na naomba msiitumie hivyo Jumapili ijayo.

Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13 kwa ukubwa wake wa juu kabisa. Ampia 13 mara volti 230 ni wati 2,990. Hiyo ndiyo sikwensa yenu, basi. Yale maandishi ya 30A yanaeleza kile ambacho rilei za ndani zingeweza kubeba kama zingelishwa ipasavyo, wakati mlango wa kuingilia ni wa 13. Tena plagi na soketi za aina hii hazikutengenezwa zibebe 13 kamili saa nzima mfululizo, ndiyo maana inachemka. Ikichemka, chuma cha soketi kinapoteza mkazo, mguso unalegea, unachemka zaidi. Moto mwingi huanzia hapo.

Fungueni kifuniko muone kebo ya kuingilia. Kama ni ya milimita 2.5, usifikirie ampia 30. Njia sahihi ni saketi ya peke yake kutoka mainswichi, breka yake ya aina C, kebo ya milimita 6, na mwisho wake plagi ya bluu ya viwandani ya ampia 32. Hapo ndani ya raki mnagawa: amplifaya mbili nzito mnazipa soketi zao zinazoendeshwa na kontakta, na sikwensa inaiamrisha kontakta. Sikwensa inabaki na kazi ya kutoa amri, haibebi mzigo.

Na kabla ya kununua chochote fungueni vitabu vya amplifaya. Watengenezaji wengi wanaandika mkondo unaovutwa kwenye moja ya nane ya nguvu kamili, maana ndivyo muziki wa kawaida unavyotumia. Jumlisheni namba hizo. Zile wati elfu kadhaa zilizopigwa chapa mbele hazifai kupangia waya.

Halafu nikuombe kitu. Ukiwa na multimita, pima mambo matatu pale soketi ya jukwaani: fezi na nyutro, fezi na ethi (waya wa ardhi), nyutro na ethi. Pima mitambo ikiwa imezimwa, kisha kwaya ikiimba kwa nguvu. Niletee majibu hapa.

#4 NyaliSauti

Fundi, salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri sana huu. Huku kwetu stima ni 240, kwa hivyo mimi huweka kikomo cha juu 260, la sivyo inakata usiku kila wakati watu wakizima vyombo vyao.

Nina jambo la kuuliza kuhusu stabilaiza. Mimi nimefunga ile kubwa ya mota, ya kVA 10, kwa hoteli. Naona inatosha peke yake. Stima ikishuka inapandisha, ikipanda inashusha. Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea nchi nzima, ilikuwa imefungwa tayari, na iliporudi vyombo vyote vilikuwa sawa. Kwa nini uiweke ya mwisho?

#5 FundiRaki

Kaka NyaliSauti, karibu. Huo wa 260 kwa Kenya nakubaliana nao.

Stabilaiza ya mota ina brashi ya kaboni inayotembea juu ya koili. Ni nzuri pale umeme unaposhuka na kupanda polepole. Udhaifu wake ni mwendo, kwa sababu mota inahitaji muda kusogeza brashi. Chukua jioni ambayo umeme umeshuka hadi 170. Stabilaiza imeshasogea, inazidisha kwa 1.35 ili itoe 230. Ghafla mzigo mkubwa mtaani unazimwa, umeme unaruka hadi 235. Kabla mota haijarudi, kule nje unatoka 235 mara 1.35, yaani 317. Umenunua kifaa cha kukulinda, na kwa kitambo hicho chenyewe ndicho kinachokupiga.

Hoteli yako ilisalimika pengine kwa sababu stabilaiza yako, kama nyingi za ukubwa huo, ina kikata-volti upande wa kutokea na muda wa kusubiri. Hicho ndicho kilichofanya kazi. Angalia kama kipo, na kama kipo kijaribu. Kama hakipo, weka kikata-volti na kontakta baada ya stabilaiza, siyo kabla. Ukiweka kabla, hakitaona ile 317.

Zile za rilei ni za haraka zaidi, ila zinaruka kwa hatua, na kila hatua ni mkatiko mdogo. Amplifaya haijali. Mikisa ya kidijitali inaweza kujiwasha upya katikati ya shughuli, ndiyo maana mikisa nataka iwe kwenye UPS.

#6 KageraYetu

Wakuu, mimi niko Bukoba. Huku ziwani radi ni kila msimu, na wenzetu wa Kisumu na Kampala wanaijua. Naomba niongeze kitu ambacho mkuu hajakigusa. Kuna kanisa lilifunga kila kitu vizuri upande wa umeme, arresta (kinga ya radi) kwenye mainswichi, kondishena kwenye raki. Radi ikapiga karibu, mikisa ikafa pamoja na risiva mbili. Umeme haukuwa na hatia. Iliingia kupitia antena iliyokuwa juu ya paa na kebo ya mtandao iliyotoka ofisi ya mchungaji jengo la pili hadi kwenye raki.

#7 FundiRaki

KageraYetu, asante sana, hili ni zito na watu wengi hawalijui.

Radi inaleta tofauti ya volti kati ya ardhi ya jengo hili na ya jengo lile. Kebo ya mtandao ya shaba inayounganisha majengo mawili inakuwa daraja. Kati ya jengo na jengo tumieni faiba, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Antena ya nje iwe na arresta yake pale inapoingia ndani, na arresta hiyo ifungwe kwenye ardhi ile ile ya mainswichi. Msichimbie nondo ya peke yake pembeni, maana ardhi mbili zisizounganishwa ndizo zinazoleta ile tofauti.

Arresta ya mainswichi nayo itakuwa pambo kama waya wake wa ardhi ni mrefu na umezungushwa-zungushwa. Uwe mfupi na ulionyooka.

Na mvua ikikaribia wakati hakuna ibada, chomoeni plagi. Hakuna kifaa chochote kwenye uzi huu kinachoshinda plagi iliyochomolewa.

#8 SautiYaVisiwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Unguja. Tulipokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya umeme wa kutoka bara kukatika, kila hoteli na kila ukumbi ulikuwa ukitegemea jenereta, na hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza sauti na jenereta.

Jenereta iwashwe kwanza bila mzigo, iachwe ishike mwendo, ndipo ufungulie saketi. Ukibadilisha kutoka umeme wa kawaida kwenda jenereta, ile swichi ya kubadilishia ipumzike kwenye sifuri, usiipeleke kwa pigo moja. Na usisubiri mafuta yaishe. Mafuta yakiisha mashine inakohoa, volti na mwendo vinacheza juu chini, na amplifaya zimo ndani yake. Nawaomba wenye shughuli, kabla bibi harusi hajaingia ukumbini mtu mmoja apewe kazi ya kutazama tangi tu.

La pili ni chumvi ya bahari. Soketi zile za sikwensa zinazokubali plagi za kila nchi, huku pwani vyuma vyake vinashika kutu ya kijani upesi. Mguso unakuwa mbaya, unasikia ngurumo kwenye spika unadhani ni kebo ya sauti.

#9 KinandaFunguo

Mkuu FundiRaki, mimi ni mpigaji. Kanisani kwetu nikishika nyuzi za gitaa mdomo ukigusa maikrofoni napigwa na umeme mdogo, unatekenya. Fundi wetu alisema sababu ni ethi, na pia ngurumo ile ya "mmmm" ni ya ethi, akakata pini ndefu ya plagi ya amplifaya ya gitaa. Ngurumo ikaisha. Ila kutekenywa kumezidi.

#10 FundiRaki

Kaka, usiishike hiyo gitaa hadi plagi ibadilishwe. Nasema hivi kwa uzito wote.

Kutekenya kunaelezeka. Ndani ya vifaa vingi vya kielektroniki, na ndani ya kondishena zote zenye kichujio, kuna kapasita ndogo kutoka fezi kwenda bodi la chuma na nyingine kutoka nyutro kwenda bodi hilo hilo. Zinachuja makelele na kuyatupa kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, bodi linaelea katikati, karibu nusu ya volti za umeme, kama 115. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenya tu. Lakini siku insulesheni ya transfoma ikifa, bodi hilo hilo linapata 230 yenye nguvu zote, fyuzi haikatiki kwa sababu hakuna njia ya kurudi, na njia ya kurudi inakuwa wewe: mkono kwenye nyuzi, mdomo kwenye maikrofoni.

Ngurumo inakuja pale vifaa viwili vilivyounganishwa kwa kebo ya sauti vinapochukua ethi sehemu mbili tofauti. Dawa yake iko upande wa sauti, yaani boksi la DI (lile linalounganisha gitaa au kinanda na mikisa) lenye swichi ya kuinua ardhi, yaani kutenganisha ardhi ya kebo ya sauti, au transfoma ndogo ya sauti. Na ulisheni umeme wa jukwaa na umeme wa raki kutoka saketi moja au angalau fezi moja na ethi moja. Pini ya plagi haikatwi.

Waambie kamati pia wafunge breka ya kuvuja, ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30 kwenye saketi ya soketi za jukwaani. Hiyo ndiyo inayookoa mtu. Haya mengine yote tunayojadili yanaokoa vyuma.

#11 StudioYaMtaa

Mkuu, maswali mawili ya haraka. Nina kondishena ya raki iliyotumika, imetoka Marekani, jina kubwa. Inafaa? Na je, naweza kuweka kila kitu, amplifaya pia, kwenye UPS nikaachana na haya mambo?

#12 FundiRaki

Ya Marekani angalia nyuma yake. Kwao ni volti 120. Kama imeandikwa 120 peke yake, ukiichomeka hapa varista zake zinaungua papo hapo. Furman, kwa mfano, wana matoleo ya 230 yanayoishia na herufi E, na baadhi ya modeli zao zinakata zenyewe volti zikivuka mpaka. Hizo ni nzuri, ila hakikisha ni toleo la kwetu.

Amplifaya kwenye UPS sikushauri. Besi ikipiga, mkondo unaruka, UPS inaona imezidiwa, inazima kila kitu. Weka mikisa, prosesa, kompyuta na risiva tu. Na kuna faida ambayo wengi hawaioni. Umeme ukikatika ghafla, sikwensa haina la kufanya, utaratibu wa kuzima umeshavunjika. Mikisa inakufa wakati kapasita za amplifaya bado zina chaji, na ile "bum" inaenda kwenye spika. Mikisa ikiwa kwenye UPS inabaki hai na kimya, amplifaya zinanyauka zenyewe bila kelele. Umeme ukirudi, mikisa haijawahi kuzima, kikata-volti kinasubiri dakika zake, ndipo sikwensa inaamsha amplifaya moja moja.

Hapo hapo mnatatua jingine. Sikwensa za sekunde moja kwa kila njia zinamaliza njia nane kwa sekunde nane hivi, wakati mikisa nyingi za kidijitali huwa bado hazijamaliza kuwaka. Mkiitegemea sikwensa peke yake amplifaya zitaamka mikisa ikiwa usingizini.

#13 Mwanakwaya_Moro

Mkuu nimerudi na vipimo. Mitambo ikiwa imezimwa: fezi na nyutro 221, fezi na ethi 221, nyutro na ethi 0.6. Kwaya ikiimba kwa nguvu: fezi na nyutro 203, nyutro na ethi 9.5. Kutoka mainswichi hadi jukwaani ni kama mita 50, waya umeandikwa 1.5. Plagi tumeacha kuitumia, tumehamishia amplifaya mbili soketi nyingine kwa muda.

#14 FundiRaki

Safi sana, vipimo hivi vinaongea.

Ethi yenu ipo, nafurahi. Umeme unaoingia pia si mbaya. Tatizo ni huo waya. Volti 18 zinapotea njiani mkiimba, na karibu nusu yake mnaiona pale kati ya nyutro na ethi, maana nusu inapotelea kwenye fezi na nusu kwenye nyutro. Waya wa 1.5 una omu 12.1 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 100, yaani omu 1.21. Gawa 18 kwa 1.21 unapata ampia 15 hivi, ambazo ndizo mnazovuta. Kwa hiyo hakuna fumbo lililofichika, na stabilaiza hamuihitaji. Msikubali kuuziwa.

Waya wa milimita 6 una omu 3.08 kwa kilomita. Kwa mzigo huo huo mtapoteza volti 4.6 badala ya 18, na besi yenu itashika bila kubadilisha spika hata moja.

Mwambieni fundi mwenye leseni avute kebo hiyo, breka ya C ya ampia 32, plagi ya bluu. Akiwa kwenye mainswichi akaze nati zote za nyutro umeme ukiwa umezimwa, na aangalie kama kuna iliyobadilika rangi kwa joto. Hizo amplifaya mbili mlizohamisha, hakikisheni soketi hiyo nyingine iko fezi moja na raki. Pima fezi ya soketi hii na fezi ya soketi ile: ikisoma karibu na sifuri ni fezi moja, ikisoma 380 au 400 ziko fezi mbili tofauti, zirudisheni kabla ya mazoezi ya kwaya.